Nguo za Sandukuni

Mkemia alipiga simu saa tatu na nusu asubuhi, akasema maneno matano tu: mafuta yale ni ya nazi.

"Tena," akasema Mama Tena.

Mkemia akacheka, maana alimjua, akarudia. Ameyapima mara mbili. Hayana sumu ya panya, hayana dawa ya mende, hayana chochote ila nazi na kutu kidogo ya kizibo. Mtu akitaka kuyakaangia yai, akaange.

Mama Tena halikuwa jina lake, ila lile la kwenye kitambulisho lilikuwa limekufa siku nyingi. Katika miaka ishirini na mbili ya upelelezi alikuwa na dawa moja tu. Ukishamweleza habari yako mwanzo hadi mwisho, anakuambia, "Tena." Ukimaliza mara ya pili, anakutaka uanzie mwishoni urudi nyuma. Mwongo, alikuwa akisema, hukariri habari zake kama mtoto anavyokariri shairi la shule, na nani aliwahi kuliimba shairi kinyumenyume? Vijana wa kituoni walimcheka kwa siri, na kwa siri hiyohiyo wakamwiga.

Jalada lililokuwa mezani pake lilikuwa jembamba, na wembamba wake ndio uliomtia wasiwasi. Mtoto wa kiume wa wiki tisa amelazwa hospitali mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mara zote mbili amefika akiwa njano mpaka weupe wa macho, hana nguvu hata ya kulia, mkojo wake mweusi kama chai ya rangi iliyolala. Mara zote mbili ameongezewa damu; ya kwanza akapona, akarudishwa nyumbani, ya pili bado yuko wodini. Daktari aliandika kwenye cheti kwamba yawezekana kuna kitu mtoto anakipata nyumbani, na kwamba mwili wake hauna akiba ya kuhimili mara ya tatu. Basi. Sentensi hiyo ilitosha kuipindua nyumba juu chini.

Bibi wa mtoto, mzaa mama, ndiye aliyekuja kituoni. Alisema ndani ya nyumba wanaishi watu wazima watatu: yeye, binti yake, na yaya. Baba wa mtoto yuko kazini mbali, huja mara moja kwa miezi kadhaa. Yeye si mwuaji, binti yake si mwuaji, hesabu inabaki kwa nani? Polisi walipoupekua mkoba wa yaya wakakuta chupa ya soda isiyo na karatasi, ndani yake mafuta. Bibi akamalizia maelezo yake kwa kusema kikulacho ki nguoni mwako, na konstebo, bila kuulizwa, akaliandika hata hilo.

Sasa yaya alikuwa mahabusu siku ya pili. Kesho asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kosa la kujaribu kuua, na kwa kosa hilo dhamana ni ndoto. Mkuu wa kituo alipoambiwa habari za mkemia hakubadili hata mkao. Kama si chupa hii, alisema, ni nyingine, nenda kaitafute. Lakini Mama Tena alikuwa na hesabu yake nyingine. Leo saa kumi jioni mtoto anatolewa hospitali. Ikiwa yaya hana hatia, basi mtoto anarudishwa moja kwa moja kwenye kile kilichomlaza mara mbili, na kila mtu ameshaacha kukitafuta.

Akaomba yaya atolewe.

Yaya alikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, amevimba macho, khanga ameifunga kifuani kama mtu mwenye baridi. Alikuwa ameshaeleza mara mbili. Mama Tena akamsogezea kiti, akampa maji, akamwambia leo waanzie mwishoni. Mtoto amepelekwa hospitali mara ya pili. Kabla ya hapo?

Kabla ya hapo alikataa kunyonya. Kabla ya hapo alilala mno, akawa mlegevu. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumapili? Jumapili alishinda vizuri asubuhi, jioni akawa mnyonge. Jumamosi walikuja wageni, wafanyakazi wenzake mama wa mtoto, wakambeba wakapiga picha mpaka magharibi, na usiku ule akalala vilevile alivyovalishwa kwa kuwa bibi alisema amependeza. Kabla ya wageni alivishwa. Kabla ya kuvishwa alipakwa mafuta. Kabla ya mafuta aliogeshwa.

"Na mara ya kwanza?"

Yaya akafumba macho, akarudi nyuma kidole kwa kidole. Hospitali, Jumatano. Kulegea, Jumanne. Wageni, Jumapili, hao walikuwa majirani. Kuvishwa. Mafuta. Kuogeshwa.

Mama Tena akasema mikono iliyompaka mafuta mara zote mbili ni ya yaya. Yaya akakubali, machozi yakimtoka. Alimpaka mafuta kila siku, si siku za wageni tu. Mama yake mwenyewe ndiye aliyemfundisha, na chupa aliibeba mkobani kwa sababu mafuta ya dukani yalimtoa mtoto vipele.

"Na aliyemvisha?"

"Siku nyingine mimi. Siku za wageni bibi mwenyewe, afande. Anasema mikono yangu ina magaga, itakwaruza nyuzi."

Mama Tena akaandika *nyuzi*, akapiga mstari chini yake, wala hakujua bado kwa nini. Akamrudisha msichana kwa konstebo wa zamu na kumwambia amtafutie chai.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule, sakafu inang'aa hata ukaona haya kukanyaga na viatu. Bibi alifungua mlango akiwa ameshavaa vya kutokea. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, mwenye kauli za mtu aliyezoea kusikilizwa. Alisema binti yake ameshatangulia hospitali tangu saa nne, naye anasubiri teksi. Kuhusu chupa, alipoambiwa ni nazi tupu, akauliza kwani mtu anakosa pa kuficha sumu mpaka aiweke mkobani?

Swali lilikuwa la haki. Mama Tena akaomba ruhusa ya kupekua, akapekua.

Alianzia jikoni, na hapo ndipo alipoanza kumheshimu yule bibi. Kila kitu chenye alama ya fuvu la kichwa kilikuwa kimepandishwa kwenye kabati la juu kabisa, lenye kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa bibi. Dawa ya kusafishia choo. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Kopo la kupulizia mende. Mafuta ya taa. Mama Tena akavaa miwani, akasoma maandishi yote hadi yale madogo ya chini ambayo watengenezaji huyaandika wakiomba Mungu yasisomwe. Nyuma ya mafuta ya taa akakuta pakiti ya sumu ya panya, kona moja imechanwa.

Akaiinua kwa kitambaa, akamwuliza bibi. Bibi akasema aliitumia kabla mtoto hajazaliwa, nyuma ya jiko, na panya alipatikana. Mama Tena akampigia daktari. Daktari, aliyekuwa kwenye mzunguko wa wodi na sauti ya mtu mwenye wagonjwa arobaini, akataka asomewe jina la sumu, akasomewa, akasema hapana. Sumu ya aina hiyo ingemtoa mtoto damu puani na chini ya ngozi. Huyu damu haimtoki, inavunjika humohumo mwilini, ndiyo maana anakuwa njano. Watafute kingine. Simu ikakatika.

Akarudisha pakiti. Saa nane kasoro.

Chumbani kwa bibi alikaribishwa na harufu kabla ya kitu kingine chochote. Ilikuwa harufu kali, baridi, ya kupanda puani na kukaa nyuma ya macho. Kitanda cha bibi huku, kitanda kidogo cha mtoto kule, na kati yao sanduku la bati la rangi ya buluu.

"Hiyo ni harufu ya usafi," bibi akasema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalainika. Akapiga magoti kwa taabu, akafungua kufuli.

Ndani ya sanduku hukaa nguo za kwanza za ukoo, akaeleza, yaani zile anazovishwa kila mtoto wao akitolewa mbele za watu. Shali ya sufu nyeupe aliyoifuma mama yake mzazi, kofia, soksi, magauni mawili ya pamba nzito. Hazikuwahi kufuliwa kwa sabuni, sabuni ingezikata. Hazikuwahi kuanikwa, jua lingezifubaza. Ni miaka thelathini na sita sasa na hakuna nondo aliyewahi kula uzi mmoja. Akachota kiganjani vidonge vyeupe, viduara kama peremende, akamwonyesha. Ananunua pale chini kwa mchuuzi, vinauzwa kwa kuhesabu ndani ya nailoni. Havikuwa na jina, wala fuvu, wala onyo lolote la kusoma.

Mama Tena akachukua kimoja, akakigeuza. Kilikuwa kidogo kuliko vingine, kimelika kama kipande cha sabuni bafuni.

"Huwa unaviongeza?"

"Kila mwisho wa mwezi. Vya zamani vikiisha naweka vipya."

"Vya zamani vinakwenda wapi, mama?"

"Vinakwenda wapi vipi? Vinaisha tu."

"Sanduku lina kufuli. Panya hawavili. Wewe huvitoi. Vinaishia wapi?"

Bibi akainama. Akaangalia ndani ya sanduku, kisha kiganja chake. "Kwenye nguo," akasema polepole, kama mtu anayejijibu. "Ndiyo maana zinanukia."

Mama Tena akaliangalia sanduku upya. Lilikuwa na vidonge, na karatasi za kutandikia, na hakuna kingine. Akauliza nguo zenyewe ziko wapi. Bibi akamwambia binti yake amezibeba asubuhi. Mtoto ametoka kwenye mdomo wa kaburi, harudi nyumbani na nguo za hospitali kama yatima. Atarudi na za kwao.

Simu ya mama wa mtoto iliita hadi ikakatika, mara tatu. Wodini simu huzimwa sauti. Ya daktari vilevile. Mama Tena akamshika bibi mkono, akamwambia wanakwenda pamoja, na ngazi za ghorofa tatu akazishuka kwa kasi ambayo magoti yake yalikuja kumdai baadaye. Konstebo dereva alipoona sura yake hakuuliza waelekee wapi. Kidonge kilikuwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mkoba, madirisha wazi, na bado harufu ilimfikia.

Bibi naye hakuwa mjinga. Walipofika kwenye mzunguko wa pili wa barabara alikuwa ameacha kuuliza. Alikaa akitazama mbele, ufunguo ameushika shingoni.

Wodini walimkuta mama wa mtoto amesimama kando ya kitanda. Mtoto alikuwa ametoka kupakwa mafuta, analamba ngumi yake, na shali nyeupe ilikuwa imetandazwa tayari mbele yake, pembe moja imekunjwa vile wanavyokunja wanaojua. Mama Tena hakusalimia. Akaichukua shali kwa mkono mmoja, kofia na soksi na magauni kwa mwingine, akavitia vyote kwenye mfuko wa plastiki alioukuta, akaufunga mafundo mawili. Nesi akaanza kufoka, akaona kitambulisho, akaenda kumwita daktari.

Daktari alikuja akiwa na haraka zake. Akaifungua bahasha, akanusa kwa mbali, na haraka zikamwisha.

"Hivi viko wapi nyumbani?"

Mama Tena akamweleza: sanduku, kufuli, nguo zisizofuliwa, Jumapili ya majirani, Jumamosi ya wageni, usiku mzima ndani ya shali. Daktari akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kuna watoto, alisema, hasa wa kiume, wanaozaliwa na upungufu fulani kwenye damu wanaourithi kwa mama zao. Hauonekani kwa macho. Mtoto anaweza kuishi nao mpaka uzee bila habari, ila kuna dawa na vitu fulani vikimfikia, damu yake inavunjika. Vidonge hivi ni miongoni mwavyo. Mvuke wake unashika kwenye sufu na pamba, kisha unaingia puani na kwenye ngozi, na ngozi iliyopakwa mafuta huupokea upesi zaidi. Kipimo chenyewe alikuwa amekituma maabara kubwa tangu wiki iliyopita, majibu bado. Lakini kwa sasa, alisema, yeye hahitaji majibu ili kuzuia nguo hizo zisimguse mtoto.

"Yule msichana je?" akauliza mama wa mtoto. "Yaya wangu?"

"Alimpaka mafuta ya nazi," Mama Tena akasema. "Hakufanya kingine."

Mama wa mtoto akamkumbatia mwanawe, akalia kwa aibu, waziwazi, bila kujificha. Alisema naye alitia sahihi kwenye maelezo ya bibi ya kumtuhumu yaya. Mama yake alimwambia atie, naye akatia.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Hakulia. Akamwuliza daktari swali moja, kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia.

"Na mtoto aliyekufa wa siku thelathini na nane, njano hivihivi, mkojo mweusi hivihivi. Miaka thelathini na sita iliyopita. Inawezekana?"

Daktari akasema hawezi kumsemea mtoto ambaye hakumpima.

"Sikukuuliza kama unaweza kumsemea. Nimekuuliza inawezekana?"

"Alivaa nguo hizi?"

"Shali alifumiwa yeye. Mama yangu aliimaliza nikiwa na mimba changa, akaihifadhi na vidonge mpaka nilipojifungua."

Daktari akavua miwani. "Inawezekana, mama. Inawezekana sana. Pole."

Mama Tena akamtoa bibi nje, wakakaa kwenye benchi la ukumbini, kati ya watu waliosubiri majibu yao wenyewe. Bibi akaeleza akitazama ukuta. Mtoto wa kwanza alikuwa wa kiume, akafa. Wa pili akawa wa kike, huyu aliye humo ndani, akavaa nguo zilezile na akanenepa, bibi akasema basi ndizo zenye heri. Ndiyo maana alipomwona mjukuu amegeuka njano alijua mara moja ni sumu. Aliwahi kuiona. Alijua rangi yake.

Mama Tena akamwambia hakuna hakimu atakayemwita mwuaji. Alikuwa ameyafungia juu yote yaliyoandikwa hatari, hili halikuandikwa. Alimwonea huruma kwa dhati, akamwambia hivyo, wala hakuona kwamba cheo chake kimepungua. Kisha akatoa kalamu, kwa sababu kulikuwa na msichana kwenye chumba cha kufuli na saa zilikuwa zinakwenda. Alihitaji maelezo mapya ya kuyafuta yale ya kwanza.

Bibi akayatoa kwa ufupi. Yeye fulani, mkazi wa mahali fulani, anakiri kwamba alimtuhumu yaya wa nyumba yake bila kumwona akitenda lolote, na kwamba kilichomdhuru mjukuu wake ni nguo alizomvisha kwa mikono yake mwenyewe. Anaomba yaya aachiwe leo, si kesho. Atakwenda yeye mwenyewe kumpokea mlangoni.

Mama Tena akamsomea, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Bibi hakuichukua kalamu.

"Bado. Andika na wa kwanza."

"Wa kwanza yupi?"

"Wifi yangu. Dada wa marehemu mume wangu. Mwanangu alipokufa nilisema ni yeye, kwa kuwa alikuwa amekuja kumbeba wiki ile, naye alikuwa hajazaa. Nilisema mbele ya watu waliokuja kuzika. Nikasema ana wivu na kizazi changu."

Mama Tena akauliza kama jambo hilo lilifika polisi.

"Halikuhitaji polisi. Watu waliacha kumpa watoto wao. Akiingia nyumba yenye mzazi, mtoto anapelekwa chumbani. Hakuzaa mpaka leo. Miaka thelathini na sita, mwanangu, hakuna mtu aliyempa mtoto ambebe."

"Yuko hai?"

"Yuko. Nikimwona njiani huwa navuka barabara."

Mama Tena akatazama karatasi. Jalada lilikuwa na namba, na namba ilikuwa ya kosa moja, la mwaka huu, la mtuhumiwa mmoja. Hakuna mwendesha mashtaka ambaye asingeuliza mstari ule umeingiaje humo. Akageuza ukurasa, akaandika kama alivyoambiwa, jina kamili la wifi, mwaka, na maneno ya bibi kama yalivyotoka: *nilimsingizia, hakumfanyia mwanangu kitu.* Bibi akatia sahihi chini ya yaya, akatia tena chini ya wifi.

Kisha Mama Tena akapiga simu kituoni. Alimwambia mkuu, kwa sauti ambayo vijana wake wangeitambua, kwamba maelezo ya mlalamikaji yamefutwa na msichana anatoka leo kabla ya jua kuzama. Mkuu akaanza kusema jambo juu ya utaratibu. Mama Tena akamwambia utaratibu ameushika mkononi, una sahihi mbili.

Alipokata simu bibi alikuwa ameshasimama, amejinyoosha nguo, mkono ameunyoosha mbele.

"Nipe nakala."

"Maelezo hayatolewi nje, mama. Ni ya jalada."

"Sitaki ya yaya. Huyo nitamwambia kwa mdomo wangu. Nataka ule ukurasa wa pili." Mkono hakuushusha. "Mimi nikienda kwa mdomo mtupu hatanifungulia mlango, na ana haki. Nataka nimpitishie chini ya mlango kitu chenye muhuri."

Mama Tena akachukua karatasi zake. Akaenda mwenyewe mpaka ofisi ya manesi, akaomba mashine ya kunakili, akanakili ukurasa wa pili. Muhuri wa kituo ulikuwa kwenye mkoba wake. Akaugonga kwa nguvu, chini kulia, mahali unapogongwa kwenye nyaraka ambazo hakuna mtu anayeruhusiwa kuzibishia.